Tamati Bila Hatima: Watazamaji na Msimu wa Mwisho wa Mad Men



 Huenda mada yangu ikawashangaza baadhi yenu, kwani katika ukumbi huu tumezoea kusikia mihadhara kuhusu tendi, riwaya na lahaja. Mimi nimekuja kuzungumzia tamthilia ya televisheni ya Kimarekani, na hasa namna watazamaji walivyoupokea msimu wake wa mwisho. Kilichonisukuma ni swali moja la darasani. Nilikuwa nikifundisha nadharia ya upokezi, na kwa kuhitaji mfano ambao hakuna mwongozo wa mtihani uliokwisha kuufafanua, niliwaonyesha wanafunzi dakika za mwisho za tamthilia hiyo. Mmoja wao akanyoosha mkono akauliza: “Mwalimu, kwani huyu bwana alitubu au hakutubu?” Nilimjibu kwa haraka kwamba mtunzi anatufundisha kuwa ubepari humeza kila kitu. Mwanafunzi akaliandika jibu hilo katika daftari lake. Nilipotoka darasani nilitambua kwamba sikuwa nimemjibu, bali nilikuwa nimemnyamazisha. Mhadhara huu ni jitihada ya kumjibu upya.

Tuanze na kazi yenyewe. Mad Men ilibuniwa na Matthew Weiner, ikaanza kuonyeshwa na kituo cha AMC mwezi Julai 2007 na kumalizika tarehe 17 Mei 2015, baada ya misimu 7 na sehemu 92. Ni tamthilia ya kazini iliyowekwa katika kipindi maalumu cha historia: inafuata maisha ya watu wa kampuni ya matangazo ya biashara mjini New York tangu mwaka 1960 hadi mwishoni mwa 1970. Mhusika wake mkuu, Don Draper, ni bingwa wa kubuni matangazo. Jina hilo si lake. Alizaliwa Dick Whitman, na katika vita vya Korea alijitwalia jina la afisa aliyekufa kando yake. Basi tangu mwanzo hadhira ilijua jambo ambalo wengi wa wafanyakazi wenzake hawakulijua, na ilisubiri kwa miaka minane kuona siri hiyo ingemfikisha wapi.

Lugha yetu inatupa maneno mawili yanayofaa sana kuueleza usubirifu huo. Tuna neno tamati, na tuna neno hatima. Yote mawili tumeyapokea kutoka Kiarabu, na mara nyingine tunayatumia kana kwamba ni mamoja. Lakini msikilizaji makini huyatofautisha. Tamati ni mahali masimulizi yanapokoma. Hatima ni kile kinachompata mtu baada ya yote aliyoyatenda, yaani mwisho wake kama malipo, matokeo au majaliwa. Kitabu kina tamati. Mja ana hatima. Hoja yangu ni kwamba mabishano ya watazamaji wa Mad Men yalizuka kwa sababu tamthilia iliwapa wahusika wengi hatima zao, lakini mhusika mkuu ikampa tamati tu. Watazamaji wakalazimika kumtungia hatima wao wenyewe.

Msimu wa saba uligawanywa mara mbili: sehemu 7 zilionyeshwa mwaka 2014 na nyingine 7 mwaka 2015. Nusu ya kwanza iliishia Julai 1969, siku ya binadamu kutua mwezini, ambapo mzee Bert Cooper, mmoja wa waasisi wa kampuni, anafariki, kisha Don anamwona kama njozi akiimba na kucheza ofisini. Baada ya hapo hadhira iliachwa ikisubiri karibu mwaka mzima. Hans Robert Jauss, aliyeasisi mtazamo wa upokezi katika Chuo Kikuu cha Konstanz mwishoni mwa miaka ya 1960, alitufundisha kwamba msomaji haiendei kazi ya fasihi mikono mitupu, bali huenda na upeo wa matarajio. Katika kipindi kile cha kungojea, upeo huo ulipanuka kupita kiasi. Kwa kuwa kila sehemu ilifunguliwa kwa picha ya mtu aliyevaa suti akianguka kutoka ghorofani, walikuwapo waliokuwa na yakini kwamba Don angejirusha dirishani. Wengine, kwa sababu ya fulana moja tu aliyoivaa mkewe Megan, walibashiri kwamba angeuawa kama alivyouawa mwigizaji Sharon Tate mwaka 1969. Wengine tena walidai kuwa Don angegeuka kuwa yule mtekaji ndege wa mwaka 1971 ambaye hakupatikana hadi leo.

Hakuna hata ubashiri mmoja kati ya hiyo uliotimia. Hata hivyo tusiwacheke wabashiri. Walikuwa wakifanya kile ambacho Wolfgang Iser alisema kila msomaji hukifanya, yaani kujaza mianya ya matini. Kosa lao, kama ni kosa, lilikuwa kuamini kwamba kila dalili iliyopandwa sharti ivunwe. Imani hiyo ndiyo iliyowafanya wengine wanung'unike msimu ulipoendelea mwaka 2015. Walilalamika kwamba muda adimu uliobaki ulipotezwa kwa Diana, mhudumu wa mkahawa ambaye Don anamfuatia hadi jimbo la Wisconsin asimpate, ilhali wahusika waliowapenda kwa miaka mingi walionekana kwa dakika chache tu. Waliomtetea Diana walisema kwamba kumtafuta bila kumpata ndiko kulikomtoa Don ofisini kwake bila kurejea.

Wahusika wengine, kama nilivyosema, walipewa hatima. Betty, aliyekuwa mke wa Don, anaugua saratani ya mapafu na anapanga mauti yake kwa utulivu uliowaliza wengi. Joan, aliyedhalilishwa katika kampuni kubwa ya McCann Erickson iliyoimeza kampuni yao, anaanzisha biashara yake mwenyewe. Pete anarudiana na familia yake. Peggy, aliyeingia katika tamthilia kama katibu muhtasi wa Don na kupanda hadi kuwa mwandishi wa matangazo, anaingia McCann akiwa amevaa miwani ya jua na sigara mdomoni, kifurushi mkono mmoja na mchoro wa pweza mkono mwingine. Picha hiyo ilipendwa mno. Lakini katika sehemu ya mwisho Peggy na mwenzake Stan wanapoungamiana mapenzi kwa simu, hadhira iligawanyika: wapo walioshangilia, na wapo walioona kwamba mwanamke aliyepigania kazi yake kwa misimu saba alizawadiwa mchumba kana kwamba kazi peke yake haikutosha kuwa hatima.

Sasa tufike kwa Don. Sehemu ya mwisho imepewa jina la aina ya simu ya masafa ambayo mpigaji alimtajia opereta mtu mahsusi anayetaka kusema naye. Don anapiga simu tatu: kwa binti yake Sally, kwa Betty, na kwa Peggy. Kwa Peggy anakiri kwamba alichukua jina la mtu mwingine na hakulifanyia jambo lolote la maana. Yupo California, katika kituo cha watu wanaotafuta utulivu wa nafsi. Hapo anamsikia mwanamume mnyonge aitwaye Leonard akisimulia ndoto ya kuwa ndani ya jokofu, juu ya rafu, akiona mlango ukifunguliwa na kufungwa bila yeye kuchaguliwa. Don anainuka, anamkumbatia, wanalia pamoja. Asubuhi tunamwona ameketi juu ya jabali mbele ya bahari, amefumba macho kwa tafakuri. Anatabasamu. Mara linatokea tangazo halisi la Coca-Cola la mwaka 1971, la vijana wa mataifa mbalimbali wakiimba kilimani. Tamati.

Watazamaji walizijaza sekunde zile kwa namna tatu. Kundi la kwanza lilisema: tabasamu lile ni la mtu aliyepata wazo la biashara, amerudi New York, akatengeneza tangazo, na machozi yake yote ameyageuza soda. Kwao hii ilikuwa kejeli kali. Kundi la pili lilikubali kwamba tangazo ni lake, lakini likaona hapo upatanisho: mtu aliyejikimbia maisha yake yote hatimaye amekubali kwamba kubuni ndicho kipawa chake, akakitumia kusema jambo jema. Kundi la tatu lilikataa kwamba Don ndiye aliyelitunga. Amani yake ni yake, walisema, na tangazo ni ulimwengu alioupa kisogo.

Siku tatu baadaye, tarehe 20 Mei 2015, Weiner alizungumza hadharani katika Maktaba ya Umma ya New York. Alielekea kulikubali dai kwamba Don ndiye mbunifu wa tangazo, lakini alisikitishwa na walioliona kuwa la kejeli. Kwake lilikuwa tangazo jema lililotoka katika hali njema ya moyo. Je, maneno hayo yaliumaliza ubishi? Hata kidogo. Roland Barthes alikwisha kutuonya mwaka 1967 kwamba nia ya mtunzi haiwezi kuwa kufuli la matini. Walioiona kejeli waliendelea kuiona.

Hapa ndipo nadharia ya upokezi peke yake inaponipungukia, na mapokeo yetu yananisaidia. Washairi wa tendi zetu walizoea kuweka mwishoni mwa kazi jina lao, nasaba, tarehe, pengine na idadi ya beti, kisha dua. Kwa hiyo msomaji wa utendi akifika tamati huuliza swali ambalo watazamaji wengi hawakuliuliza: aliyetunga ni nani hasa? Mad Men inalionyesha tangazo bila mtu yeyote katika hadithi kutajwa kuwa ndiye mtunzi wake. Lakini watunzi wapo, na majina yao yanajulikana. Wazo lilikuwa la Bill Backer wa McCann Erickson. Mapema mwaka 1971 ndege aliyosafiria kwenda London ilizuiwa na ukungu ikatua Shannon, Ireland. Abiria waliokasirika usiku, kesho yake aliwaona wakicheka pamoja huku wakinywa Coca-Cola. Huko London aliutunga wimbo pamoja na Roger Cook, Roger Greenaway na Billy Davis. Picha zilipigwa Italia.

Billy Davis alikuwa Mmarekani mweusi, mtunzi na mtayarishaji wa muziki kutoka Detroit, aliyesimamia muziki wa matangazo ya Coca-Cola katika kampuni hiyo. Kwa mujibu wa simulizi ya Backer mwenyewe, Davis hakuliafiki wazo mara moja. Lau yeye angeweza kuwafanyia watu wa dunia jambo lolote, hangeanza kwa kuwanunulia kinywaji. Angeanza kwa kuwapa makazi, na amani na upendo. Backer alimwambia aliandike hilo, na wimbo ukaanzia hapo. Kumbe ubishi wa watazamaji wa mwaka 2015, kama tangazo lile ni wema au ni bidhaa, ulikwisha kufanyika mwaka 1971 baina ya watunzi wenyewe, na haukuamuliwa. Uliingizwa ndani ya wimbo.

Sasa mfikirieni Shirley, mmoja wa makatibu muhtasi wawili weusi wa ofisi ile ya kubuni. Sehemu chache kabla ya mwisho anamuaga Roger, bosi wake, aende kampuni ya bima. Anamweleza kwa adabu kwamba matangazo si kazi ambayo kila mtu hujiona yuko nyumbani. Wahakiki wengi walilalamika kwa miaka kwamba tamthilia haikuwapa watu weusi nafasi ya kutosha. Waliowatetea watunzi walijibu kwamba ofisi za wakati ule ndivyo zilivyokuwa. Jibu hilo lina ukweli mwingi, lakini tamati yenyewe inalitilia doa. Tukimpa Don tangazo lile, tunampa mtu wa kubuni kazi ambayo mtu mweusi wa kweli alishiriki kuitunga, katika kampuni hiyo hiyo. Mtu aliyejitwalia jina la marehemu anamalizia safari yake kwa kutwaliwa wimbo wa watu wengine, na safari hii ni sisi watazamaji tunaomkabidhi.

Wanafunzi wapenzi, swali la “mwandishi anatufundisha nini” si swali baya. Limetulea, na mitihani yetu imejengwa juu yake. Lakini likiulizwa peke yake hutufanya tuikimbilie hatima hata pale tulipopewa tamati tu. Riwaya za Euphrase Kezilahabi, Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991, zimewatatiza wasomaji wengi kwa sababu hiyo. Ninawaomba, mkutanapo na mwisho wa namna hii, mwongeze maswali mawili: hatima hii imo katika matini, au nimeileta mimi? Na nikiisha kuileta, ni nani aliyepoteza jina lake?

Kwa mwanafunzi wangu aliyeuliza kama bwana yule alitubu, leo ningejibu hivi. Alilia, na machozi yale hayakuwa ya uongo. Kilichofuata hatukuonyeshwa. Wewe ulidhani kwamba alitubu au hakutubu? Niambie kwanza kwa nini ulidhani hivyo, kisha tutafute pamoja ni nani aliyeutunga ule wimbo.