Mbwa wa Tobia na Mbwa Wetu

Katika Kitabu cha Tobiti yumo mbwa ambaye wasomaji wengi humpita bila kumtazama. Mzee Tobiti, akiwa kipofu, anamtuma mwanawe Tobia safari ndefu kwenda Umedi kufuata fedha ya amana. Kijana anampata mwenzi wa njiani, asijue kuwa ni malaika Rafaeli. Wanaondoka, na mbwa anafuatana nao. Wanaporudi, mbwa bado yumo. Hapewi jina, wala hakuna anayemsemesha. Kazi yake ni kutembea tu. Kwa miaka mingi tuliisoma habari hiyo bila kusimama hapo, hata tulipopata mbwa wetu wenyewe.

Wezi walikuwa wamekwisha kuvunja sakristia mara mbili, ndipo muumini mmoja alipotuhurumia akatuletea, katika nyumba ya mapadre, mtoto wa mbwa wa miezi mitatu, chotara wa mbwa wa Kijerumani. Tukamwita Simba. Mchana kutwa tulimfunga mnyororo chini ya mwembe, usiku tukamfungulia, kwa kuwa tuliamini kwamba ndivyo mbwa wa ulinzi anavyokuzwa awe mkali. Alipotimiza miezi minane akawa mharibifu wa ajabu. Alitafuna kandambili za wageni, akafukua miche ya mipapai, na usiku wa kuamkia Dominika ya Matawi akavishusha vitambaa vya altare vilivyosahauliwa kwenye kamba, akavirarua. Tulipoamka tulimkokota hadi penye vitambaa tukamchapa. Akajikunyata, masikio nyuma, macho chini. Tukaambiana: tazameni, analijua kosa lake.

Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, alichapisha jaribio juu ya sura hiyo hiyo. Mbwa 14 walikatazwa na wenyewe kula kitu kitamu, kisha wenyewe wakatoka chumbani. Waliporudi waliambiwa kama mbwa amekula au hakula, na mara nyingine waliambiwa uongo. Ilionekana kwamba sura ya mkosaji ilifuata kufokewa, awe mbwa amekula au hakula. Tena waliofokewa bila kosa ndio walioionyesha zaidi. Sisi tunaoketi kitubioni kila Jumamosi tulipaswa kuwa watu wa mwisho kuchanganya hofu na toba.

Kisha ikaja asubuhi ya kuku. Simba alipenya kwenye ua wa michongoma akaua kuku watano wa jirani yetu, mama mjane, mmoja wao akiwa ameatamia mayai. Mama hakupiga kelele. Aliwaleta amewashika miguu, akawalaza barazani, akasema: “Baba, haya ndiyo madaftari ya wajukuu wangu.” Tulilipa, akapokea fedha bila neno. Jioni ile halmashauri ya parokia ilikata shauri kwamba mbwa apewe sumu kabla ya juma kwisha. Hakuna aliyepinga, nasi hatukupinga.

Aliyepinga hakuwa mjumbe. Alikuwa kijana wa miaka 17 aliyekuja kufyeka nyasi, ambaye miaka miwili kabla ya hapo tulimwondoa wenyewe katika mafundisho ya Kipaimara kwa kugongagonga mabenchi na kuchekesha wenzake. Alisimama mlangoni na panga lake, akasema: “Baba, mbwa huyu hana kazi. Nipeni mwezi mmoja.”

Daktari wa mifugo aliyekuja kumchanja Simba chanjo ya kichaa cha mbwa alimuunga mkono. Alitueleza kwamba aina hiyo ya mbwa ilianza kuandikishwa Ujerumani mwaka 1899 na Max von Stephanitz, kutokana na mbwa wa wachungaji waliozunguka kundi la kondoo tangu asubuhi hadi jioni. Nasi miguu ya namna hiyo tuliipa mnyororo wa hatua tatu. Akashauri tumpe mfupa mkubwa wa ng'ombe usiopikwa, maana asiyepewa cha kutafuna hujitafutia. Alikuwa amesomea Morogoro, ambako shirika la APOPO limewazoeza panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Panya akipatia husikia mlio mdogo, na papo hapo hupewa kipande cha ndizi. Akikosea hapati ndizi, basi.

Kijana alianza saa kumi na moja alfajiri, dagaa wakavu mfukoni. Kila siku walikwenda mtoni na kurudi, saa nzima, kabla mbwa hajala. Simba alipovuta kamba, kijana alisimama kama mti. Kamba ilipolegea, wakaendelea. Siku ya kwanza hawakufika hata kwenye lango la kanisa. Kuhusu kuku, alianzia mbali, hatua hamsini, na kila mbwa alipoyaondoa macho kwa kuku akamtazama yeye, alipata dagaa mara ile ile. Yalipita majuma mengi kabla ya kufika hatua kumi.

Wagumu zaidi tulikuwa sisi. Mmoja wetu alimwambia mbwa “shuka”, mwingine “toka”, na mpishi alimtupia nyama kila aliporuka juu yake, huku akimtukana. Kijana alitukalisha mezani, mapadre wazima, akatupa neno moja la kutumia sote. Ilitubidi tumwombe aturudie mara ya pili, maana juma lile lile tulikuwa tumekwisha kulisahau.

Mwezi haukutosha, ulipita karibu mwaka. Simba bado huchimba mashimo, na penye kuku hatuthubutu kumwachia kamba. Mama yule bado huzunguka njia ya mbali akija misani, na hatuna haki ya kumwuliza sababu.

Tobia naye alifika mtoni. Samaki mkubwa alipomrukia, Rafaeli hakumsukuma kando ili amkamate mwenyewe; alimwambia kijana amkamate. Jumatano iliyopita tulifuatana na kijana wetu na Simba hadi mtoni. Tulikuwa tumemwuliza mbwa wake anapenda nini, anaogopa nini, mambo ambayo yeye mwenyewe hatukumwuliza hata siku moja alipokuwa mwanafunzi wetu. Wakati wa kurudi tukamwambia kwamba nafasi yake katika mafundisho ya Kipaimara ipo, akipenda. Akakaa kimya, kamba imelegea mkononi. Kisha akauliza: “Baba, tutakuwa tunatembea hivi, au tutakaa bencheni?”

Tumeahidi kumjibu leo baada ya misa.