UMEME WA HIARI: FUNZO KUTOKA KILOSA NA MIKUMI

(Maelezo ya Afisa Habari wa Wizara kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Awali ya yote, nakuombeni tukumbuke siku za kiza. Mwezi wa Disemba 2009 Kisiwa cha Unguja kilikosa umeme, na hakikuupata tena hadi Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, na mwenye jenereta ndiye aliyefanya kazi. Katika kipindi hicho hicho, huko Kilosa, Mto Mkondoa ulifurika, ukawaacha maelfu ya watu bila ya makaazi na kuikata Reli ya Kati.

Sisi na watu wa Kilosa tunaunganishwa na maji. Mikumi ni mji wa Wilaya ya Kilosa, na barabara itokayo hapo kwenda Ifakara hupita Kidatu. Hapo Mto Ruaha Mkuu huendesha mitambo ya megawati 204, iliyoanza kazi mwaka 1975. Umeme wa Bara ulitufikia mwaka 1980 kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Lakini tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi katika Hifadhi ya Ruaha. Hata Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, hupokea maji ya Ruaha hiyo hiyo. Wahenga wamesema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Si kwamba ndugu ni mbaya, bali naye ana masika na kiangazi chake.

Kwa mnasaba huo, Sheria ya Umeme ya Tanzania Bara ya mwaka 2008 ilifungua mlango mwengine. Chini ya utaratibu wa wazalishaji wadogo uliosimamiwa na EWURA, mwenye maporomoko ya maji, makapi ya miwa au mabaki ya mkonge aliweza kujenga mtambo usiozidi megawati 10 na kuiuzia TANESCO umeme kwa mkataba wa namna moja na bei iliyotangazwa. Mwenye mtambo usiofika megawati moja hakutakiwa leseni. Hakuna aliyelazimishwa. Hata hivyo, kiwanda cha sukari cha TPC, Moshi, na TANWAT ya Njombe waliitikia. Na mwaka 2012 mtambo wa maji wa Mwenga, Mufindi, wenye megawati 4, ulianza kuwapatia umeme wanavijiji pamoja na gridi ya Taifa.

Kilosa haikunyimwa neema hizo. Kiwanda cha sukari cha Ruembe huchoma makapi ya miwa kupata nguvu zake chenyewe. Mkonge umelimwa wilayani humo tangu enzi za ukoloni, na huko Hale, Tanga, mabaki ya mkonge yalianza kutoa gesi ya kuzalishia umeme mwaka 2008. Milima ya Ukaguru na Rubeho nayo ina vijito vyake.

Ndugu Watumishi, jambo la hiari haliendeshwi kwa amri, huendeshwa kwa kuaminiana. Mwenye mtaji hununua mitambo kwa fedha za kigeni, na deni la benki halimsubiri. Ombi lake likilala mezani miezi, au malipo ya umeme aliokwisha uuza yakichelewa, yeye atajitoa, na jirani yake hatojaribu. Sheria nzuri huuliwa na faili lisilojibiwa.

Kwa hivyo, kila ambaye karatasi ya mzalishaji inapitia mkononi mwake aijibu kwa wakati, ikiwa ni kukubali au kukataa, na atoe sababu. Kila mwananchi naye, mwenye paa linalopigwa na jua, asione kuwa taa moja ni kitu kidogo. Waliokaa kizani mwaka 2009 wanaijua thamani ya taa hiyo.