Kiwanja cha Mtaa ni cha Nani?



 Sitawachosha, najua baada ya tarawehe kila mtu ana usingizi wake. Nina swali moja tu: kile kiwanja cha mtaani kwenu ni cha nani?

Mtaani kwetu kilikuwepo kiwanja cha vumbi. Asubuhi akina mama walianika nguo pembeni, alasiri vijana tulicheza mpira, jioni wazee walicheza bao chini ya mwarobaini. Siku moja tukaona lori limeleta simiti. Kumbe kiwanja kinapambwa! Hakuna aliyeulizwa. Mabenchi yakawekwa juani, maua yakapandwa pale palipokuwa na goli, na taa haikuwekwa hata moja. Mwaka haukuisha, mabenchi yamevunjwa, maua yamekauka, na usiku pamekuwa pa wavuta bangi. Dada zetu wakirudi kazini wakawa wanazunguka njia ya mbali kwa woga. Watu wakasema vijana wa hapa hawana adabu. Huenda. Lakini jambo usiloshirikishwa hulioni kuwa lako, na lisilo lako huna uchungu nalo.

Tazama wenzetu wa Kibera. Kuanzia mwaka 2006, shirika la Kounkuey Design Initiative lilikaa na wakazi wa Soweto East, penye ukingo wa mto uliojaa taka na kufurika wakati wa mvua. Waliulizwa kwanza: mnahitaji nini? Wakataka maji yazuiwe, watoto wapate pa kuchezea, pawe na banda la mikutano, na pawe na kazi ndogo ndogo za kuleta pesa za kupatunza mahali penyewe. Usimamizi ukawa wa kikundi cha wakazi.

Au Dandora, mtaa ulioanzishwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, nyumba zikizunguka nyua za pamoja. Miaka ilivyopita, nyua nyingi ziligeuka majaa. Vijana wa huko wakaanza na ua mmoja mmoja: wakazoa taka, wakapaka rangi, wakapanda miti, na wakazi wakachanga pesa za usafi na ulinzi. Waliokuwa wakiogopwa wakawa walinzi.

Na usingoje kuulizwa kama anayengoja zawadi. Bustani ya Jeevanjee, katikati ya Nairobi, ilitolewa kwa umma na A.M. Jeevanjee mwaka 1906. Mwaka 1991 ulipotokea mpango wa kujenga hapo jengo kubwa, wananchi walipinga, akiwemo Zarina Patel, mjukuu wake. Bustani ingali ya umma mpaka leo. Wakati ule walisimama bila ulinzi wa sheria tulio nao sasa. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 10, imeweka ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na Kifungu cha 184 kinataka wakazi washiriki katika uongozi wa miji yao.

Lakini wacha niseme ukweli, sisi wenyewe pia tuna lawama. Baada ya mabenchi yale kuvunjika, tuliitwa mkutano ili kiwanja kipangwe upya. Tukaenda wanaume watupu. Tukaandika: goli, wavu, viti vya wazee. Tulipokuwa tunainuka, mama mmoja akasimama mlangoni akauliza, "Na taa mumeiomba?" Tukatazamana. Tulikuwa tumemfanyia yeye yale yale tuliyofanyiwa sisi.

Basi, ndugu yangu unayesoma, fanya haya. Nenda kiwanjani asubuhi, alasiri na usiku, utazame nani yupo na nani hayupo, halafu umuulize asiyekuwepo sababu yake. Waulize wasichana, muuza mahamri, mlemavu anayeshindwa kuvuka mtaro, hata watoto. Wapeni kalamu wachore. Kisha andikeni barua kwa ofisi ya wadi mapema, kabla bajeti ya kaunti haijapita, na mtake mchoro ubandikwe pahali ambapo kila mtu atauona. Mkubaliane pia nani atafagia na nani atawasha taa.

Hamtakubaliana kwa yote. Kijana anataka mpira, mzee anataka utulivu. Gawaneni saa, gawaneni pembe, kila mmoja aachie kidogo. Hayo ndiyo mashauriano, na hayaumizi kama kuamuliwa.

Mwezi huu tunakaa pamoja kuliko miezi mingine yote, tunafuturu pamoja, tunarudi nyumbani pamoja usiku. Tuutumie. Leo ukitoka hapa pitia kiwanjani, usimame kidogo gizani, ujiulize kama ungemruhusu dada yako apite hapo peke yake. Kama jibu ni la, kesho una kazi.

Wabillahi tawfiq.