Akiba ya Siku ya Taabu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, wazazi na wanafunzi siku ya mkutano wetu wa mwaka)

Nimepewa dakika chache nizungumze juu ya malezi ya mtoto katika imani ya Kikristo. Nina jambo moja tu la kusema. Uvumilivu haufundishwi siku ya taabu. Siku hiyo mtoto hutumia akiba aliyowekewa zamani.

Tukitaja jina la Danieli, wengi wetu twakumbuka simba. Lakini someni vizuri sura ya 6 ya kitabu chake. Ilipotiwa sahihi amri kwamba kwa siku 30 mtu asiombe dua kwa yeyote ila kwa mfalme Dario, Danieli hakuanza kutafuta ujasiri. Alikwenda nyumbani akapiga magoti mara 3 kwa siku, kama alivyozoea. Na mazoea hayo yalikuwa na mizizi mirefu. Sura ya 1 yatueleza kwamba akiwa kijana, mateka katika nchi ya ugeni, aliomba ajaribiwe kwa siku 10 akila chakula cha kawaida na kunywa maji, asijitie unajisi kwa chakula cha mfalme. Aliyejifunza kukataa mezani hakushindwa kukataa mbele ya tundu la simba.

Tumtazame na Timotheo. Mtume Paulo, katika waraka wake wa pili kwake, aitaja imani ya bibi yake Loisi na ya mama yake Eunike. Baba hatajwi hapo. Akina baba wenzangu, jambo hilo litushtue. Wengi wetu twafanya kazi mbali, twatuma karo kila muhula, nasi twaona tumekwisha kulea. Karo si malezi.

Basi tufanye nini? Kwanza, pawe na sala ya jioni ya nyumba nzima, japo ya dakika 5, na baba awepo. Mtoto akimsikia baba yake akimwomba Mungu msamaha, atajua kwamba kukosa si mwisho wa maisha. Pili, mtoto apewe kazi. Wa miaka 7 aweza kuosha sahani yake, na wa miaka 12 aweza kufua sare yake. Tusimwachie mtumishi kila kitu. Tatu, akianza jambo alimalize, liwe shamba dogo la mchicha au kitabu cha hadithi. Nne, nyumbani ukweli uwe na faida. Mtoto anayepigwa vikali kila anapokiri kosa hajifunzi kuacha kosa, anajifunza kulificha.

Lakini nisieleweke vibaya. Uvumilivu si kunyamaza. Mtoto anayeonewa au kuguswa vibaya, awe shuleni, kanisani au kwa jamaa, hana budi kusema, nasi hatuna budi kumsikiliza. Kumwambia avumilie ni kumtupa.

Akiba hii hupimwa lini? Kila mwaka matokeo ya mtihani yatokapo, wako vijana wanaovunjika moyo kabisa, kwa sababu nyumbani hawakusifiwa kwa lolote ila alama. Kijana aliyelelewa akijua kwamba Mungu alimpenda kabla hajashika kalamu atalia siku hiyo, ndiyo, lakini kesho yake ataamka, atafagia uwanja, kisha atauliza, “Sasa nifanye nini?” Hilo ndilo swali tunalomlea aweze kuuliza.

Wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Nanyi wanafunzi msidhani neno hili ni la wazazi peke yao. Kengele ya alfajiri, zamu ya kufagia bweni na saa ya kujisomea usiku ni mambo madogo yanayochosha. Yashikeni. Siku moja mtasimama mahali ambapo hakuna mwalimu wala mzazi, na mtashangaa kuona kwamba magoti yenu yanajua njia.

Mungu azibariki nyumba zetu na shule yetu.