Kabla ya Fomu ya Chuo: Nini Humpeleka Kijana wa Pemba Kwenye Uhandisi



Yanapotoka majina ya waliopata nafasi vyuoni, huulizwa swali lile lile: mbona wanaokwenda kusomea uhandisi ni wachache, na mbona wasichana ni wachache zaidi? Majibu nayo yako tayari. Hisabati ngumu, watoto wa siku hizi hawataki tabu, simu zimewaharibu. Siyakubali majibu hayo. Kijana anayejaza fomu ya chuo baada ya Kidato cha Sita hachagui tena. Anatia sahihi jambo lililokwishaamuliwa zamani, mara nyingi na watu wengine, na mara nyingi pasipo mtu kutambua kwamba pameamuliwa kitu.

Tutazame Kidato cha Tatu. Kwa utaratibu tuliouzoea miaka mingi, mwanafunzi hubaki na Hisabati na Baiolojia mpaka Kidato cha Nne, lakini Fizikia na Kemia anaweza kuziacha anapoingia Kidato cha Tatu. Hapo ana miaka 15 au 16. Akiiacha Fizikia, mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati umeshamfungia mlango, na uhandisi umekwenda nao. Hakuna mzazi anayeitwa skuli siku hiyo. Mtoto anaiacha kwa sababu mwalimu wa somo kahamishwa katikati ya mwaka, au shoga yake anayekaa naye dawati moja kaenda sanaa, au kaka yake kamwambia Fizikia ni ya watu maalumu. Miaka minne baadaye tunakaa vikao kuuliza kwa nini hakuchagua uhandisi.

Liko na suala la lugha. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliweka Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Nimeona watoto wanaojua kabisa kwa nini ngalawa haipinduki, wakikaa kimya darasani kwa sababu jibu wanalo kwa Kiswahili na swali limekuja kwa Kiingereza. Mtoto akinyamaza mwaka mzima, mwisho huamini kwamba hajui. Imani hiyo ndiyo inayoamua, alama za mtihani huja kuithibitisha tu.

Msidhani khofu ya sayansi ni tabia ya watu maskini. Utafiti mkubwa ulioitwa ROSE, ulioongozwa na Svein Sjøberg kutoka Oslo, uliwauliza vijana wa miaka 15 hivi katika nchi nyingi, Uganda ikiwamo. Vijana wa Afrika walionyesha hamu kubwa ya kufanya kazi za teknolojia, wasichana kwa wavulana. Waliosita ni wa nchi tajiri kama Norway, na wasichana wao walisita zaidi. Huko London, Louise Archer na wenzake walianza mwaka 2009 kuwafuatilia watoto tangu wakiwa na umri wa miaka 10. Wengi walisema wanalipenda somo la sayansi. Wachache walisema wangependa kuwa wanasayansi. Walichokosa ni kujiona wenyewe ndani ya kazi ile, na jambo kubwa lililowasaidia baadhi yao ni kuwa na mtu wa karibu anayeifanya na kuizungumza nyumbani. Kwa hivyo hamu tunayo. Tuulize mtoto wetu anamuona nani.

Hapa nataka kukaa kidogo, na nitakaa Wawi.

Msimu wa karafuu, kila mtu aliyekulia kisiwani hapa anaijua kazi ya usiku. Karafuu zimeshushwa, familia imezunguka jamvi, wakubwa na wadogo wanachambua: karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, kule. Watoto wetu wameshika makonyo kwa mikono yao tangu hawajajua kusoma. Makonyo yale yanauzwa, yanapelekwa kiwanda cha Wawi, na kule yanakamuliwa mafuta. Yanajazwa kwenye tangi kubwa, mvuke unapitishwa chini yake, unapanda ukibeba mafuta, unapozwa kwenye mabomba, na kinachotoka ni maji na mafuta kwa pamoja. Halafu huja jambo ambalo humshangaza kila anayeliona mara ya kwanza. Tumezoea mafuta yaelee juu ya maji. Haya ya karafuu yanazama. Ni mazito kuliko maji, na kwa sababu hiyo hutengwa kwa kuchotwa chini.

Ndani ya jengo lile mna somo la densiti, la joto fiche, la mgandamizo wa mvuke, la kuzuia kutu. Mna na hesabu: tani ngapi za makonyo, kuni au mafuta kiasi gani ya kuchemshia, lita ngapi za kuuza. Huo ndio uhandisi kemikali, na malighafi yake imepita mikononi mwa mtoto aliyekaa jamvini. Lakini wangapi kati ya wanafunzi wa Kidato cha Pili wa wilaya hii wameshapelekwa kuuona? Mtoto anachambua makonyo usiku, asubuhi anakwenda skuli kukariri densiti, na hapana mtu aliyemwambia kwamba hayo mawili ni jambo moja.

Ndivyo tulivyofanya na kazi nyingine zote kubwa. Kabla ya 2010 kisiwa hiki kilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, na nyote mnakumbuka umeme ulivyokuwa. Mwaka ule ukaja waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, zaidi ya kilomita 70, wa kilovolti 33, kwa msaada wa Norway. Tulishangilia taa kuwaka, na tulikuwa na haki. Lakini nani aliwaeleza vijana namna waya unavyolazwa kwenye mkondo wa Pemba, penye kina kirefu vile? Barabara nazo ni hivyo hivyo. Mkandarasi anakuja, anazungusha mabati, anamaliza, anaondoka. Mtoto anabaki na lami. Kazi ya mwalimu anaiona kila siku, ya daktari anaiona akiumwa, ya mhandisi haoni ila matokeo yake. Sina la kumlaumu mzazi anayemwambia mwanawe asome ualimu. Anamwelekeza kwenye kazi anayoijua.

Nimezoea kuwauliza wanafunzi wanaoanza mwaka wa kwanza wa uhandisi kilichowaleta. Binti mmoja wa Mkoani alinijibu kwa ufupi: baba yake hutengeneza mashine za boti, naye alikuwa akimshikia tochi usiku. Hakutaja alama wala mshahara. Tuna mafundi kila bandari na kila njia panda, na bado tunawaambia watoto wasome sana wasije wakawa mafundi. Tunawakatia wenyewe njia iliyo fupi kuliko zote.

Kwa wasichana kuna kizuizi kingine: bahari. Enzi ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kitivo cha uhandisi kilikuwa Nairobi. Dar es Salaam ilikipata chake mwaka 1973. Kwa kijana wa hapa, kusomea uhandisi kumekuwa safari daima, iwe Mbweni kule Unguja, Dar es Salaam au Mbeya. Mzazi wa binti haulizi kwanza ada, huuliza atakaa kwa nani. Ni swali la heshima, na linastahili jibu la heshima: dahalia salama, na mlezi anayejulikana kwa jina na kwa simu. Lakini anayeniambia wanawake hawana kichwa cha ufundi namwomba aende Kinyasini, Unguja, kwenye chuo kilichotokana na Barefoot College ya India. Mama wa vijijini, wengi wao wenye elimu ndogo ya skuli, wamefundishwa pale kwa miezi michache kuunganisha na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua, wakarudi kuwasha taa vijijini kwao.

Neno kuhusu mafuta ya ardhini. Tangu Sheria ya Mafuta na Gesi ya 2016 na mkataba wa 2018 na kampuni ya RAK Gas, wengi wanataka uhandisi wa petroli, na mjomba aliye Maskati naye anahimiza. Si vibaya. Ila khiari inayosimama juu ya habari ya utajiri huanguka habari ikipoa. Nawaomba wanaoipenda njia hiyo waanze na uhandisi wa mitambo au wa kemikali, wenye kazi leo, kwenye boti, kwenye pampu za maji, na pale Wawi.

Ombi langu kwa wakuu wa kiwanda, wa shirika la umeme na wa mamlaka ya maji walioko ukumbini ni dogo: tupeni asubuhi moja kila muhula kwa wanafunzi wa Kidato cha Pili, kabla hawajachagua masomo ya kuacha, na awapokee mhandisi mwenyewe, awe mwanamke akipatikana. Walimu wakuu, muiteni mzazi siku mtoto anapotaka kuiacha Fizikia, kama mnavyomwita akitoroka skuli. Nami nitabaki hapa baada ya mhadhara kuandika majina ya skuli zitakazokuwa tayari kuanza muhula ujao.