Waliopewa Shoka Badala ya Bunduki



Tunapozungumzia vita, tumezoea kuhesabu majeshi na mipaka. Leo tuvihesabu kwa nyumba za mji mmoja mdogo. Mji huo ni Truro, katika jimbo la Nova Scotia, mashariki ya Kanada. Tumeuchagua kwa kuwa baadhi ya wanawe walionja machungu mawili kwa mkupuo mmoja: machungu ya vita, na machungu ya kubaguliwa na wale waliokuwa upande wao.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwezi Agosti 1914, Kanada iliingia vitani kama sehemu ya Dola ya Uingereza. Watu weusi wa Nova Scotia, wengi wao wazao wa waliokimbia utumwa Marekani, walikwenda kujiandikisha pamoja na majirani zao. Walirudishwa mlangoni. Hapakuwa na sheria iliyowakataza. Uamuzi uliachwa mikononi mwa kila kamanda, na makamanda wengi walisema kwamba hiyo ilikuwa vita ya watu weupe. Ndivyo ubaguzi unavyopenda kufanya kazi: haujiandiki katika sheria, bali hukaa katika hiari ya mwenye cheo, na anayeonewa hana pa kukata rufani.

Watu hao hawakunyamaza. Waliandika barua, walituma ujumbe, waliwasumbua wabunge. Hatimaye, tarehe 5 Julai 1916, serikali iliidhinisha Batalioni ya Pili ya Ujenzi. Makao yake yaliwekwa kwanza Pictou, kisha yakahamishiwa Truro. Askari wake walikuwa weusi, na maafisa wake karibu wote walikuwa weupe. Mmoja tu ndiye tunayemtaja kuwa tofauti: Mchungaji William White wa kanisa la Wabaptisti la Truro, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa huko Virginia. Yeye alikwenda kama mchungaji wa askari, akiwa na cheo cha afisa, jambo lililokuwa nadra mno katika majeshi ya Dola nzima.

Wapatao 600 walivuka bahari mwezi Machi 1917. Huko Ufaransa, katika milima ya Jura, walipewa shoka na msumeno. Walikata miti, walipasua magogo, walitengeneza barabara, walisukuma maji hadi kambini. Mbao zao zilijenga mahandaki na kutandika mataruma ya reli. Bila kazi hiyo, jeshi lisingesimama. Hata hivyo, walilala na kula mbali na wenzao weupe, kana kwamba jasho la mtu nalo lina rangi.

Wachache waliopata kuingia vikosi vingine walifika mstari wa mbele. Jeremiah Jones, mtu wa viunga vya Truro, alikuwa amepita umri wa miaka hamsini alipojiandikisha. Katika mapigano ya Vimy, mwezi Aprili 1917, aliteka bombomu ya adui na kuwarudisha mateka waliobaki hai. Nishani hakuipata. Alifariki mwaka 1950, na jeshi la Kanada lilimtunuku medali ya heshima mwaka 2010.

Tujiulize, je, waliporudi nyumbani walikuta nini? Batalioni ilivunjwa rasmi mwaka 1920 pasipo sherehe. Ubaguzi waliouacha waliukuta mahali pake. Mwaka 1946, katika mji wa New Glasgow, jirani ya Pictou, mama mmoja mweusi, Viola Desmond, alitolewa kwa nguvu katika sinema, akalala mahabusu na kutozwa faini, kwa kuwa alikaa mahali palipotengwa kwa weupe. Miaka 26 ilikuwa imepita tangu batalioni ivunjwe.

Tarehe 9 Julai 2022, Waziri Mkuu wa Kanada alikwenda Truro, akaomba radhi kwa niaba ya serikali. Wahenga walisema: kawia ufike. Ni kweli, na tunashukuru kwamba neno hilo lilisemwa. Lakini lilipofika, hapakuwa na askari hata mmoja wa batalioni ile aliye hai kulipokea. Waliolisikia ni wajukuu na vitukuu.

Ndugu wapendwa, jambo hili si geni kwetu. Katika vita hiyohiyo, Dola hiyohiyo iliwachukua mamia ya maelfu ya watu wa Afrika Mashariki, wengi kwa nguvu, wabebe mizigo ya jeshi. Jina la Kariakoo ni kumbukumbu ya kikosi hicho. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi, uchovu na njaa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba marehemu wengi wa aina hiyo hawakuandikwa majina, na ikaomba radhi. Yule wa Truro alinyimwa bunduki kwa rangi yake. Babu zetu walinyimwa hata jina kaburini.

Basi yatupasa kufanya mambo mawili. La kwanza, kila jumuiya iwaulize wazee wake: nani katika ukoo alichukuliwa na hakurudi? Jina lake liandikwe, lisomwe. La pili, tujichunguze wenyewe. Katika kamati zetu, mashambani mwetu, majumbani mwetu, yuko nani anayebeba mzigo wa wote huku akila peke yake? Huyo tusimwachie mjukuu wake radhi yetu. Bado yu hai; tumwendee wiki hii.