Pasipoti mkononi mwa kocha

Mwaka 2013, Popole Misenga na Yolande Mabika, wanajudo kutoka Bukavu, waliitoroka timu ya Kongo kwenye mashindano ya dunia mjini Rio de Janeiro, kisha wakaomba hifadhi. Walieleza kwamba makocha walishika pasipoti na pesa zao, na kwamba nyumbani aliyeshindwa alifungiwa ndani ya kizimba kwa siku kadhaa na chakula haba. Wapo wanaosema mwomba hifadhi hutia chumvi. Huenda. Lakini Uingereza, ripoti ya mwanasheria Anne Whyte ya Juni 2022 kuhusu jimnastiki ilieleza watoto walionyimwa chakula, maji, hata ruhusa ya kwenda chooni, na waliofanyishwa mazoezi wakiwa na majeraha. Hao hawakuwa wakiomba hifadhi popote.

Pingamizi zito zaidi ni la nidhamu: bila ukali, hakuna medali. Basi tuhesabu. Kongo yetu haijapata hata medali moja ya Olimpiki. Misenga naye, chini ya kocha Mbrazili Geraldo Bernardes, alishinda pambano lake la kwanza kwenye Olimpiki ya 2016, akiichezea timu ya wakimbizi. Ushindi mmoja si ushahidi wa kila kitu, nakubali, ila njaa na kufungiwa havijatuletea medali hata moja. Kumwamsha mchezaji alfajiri ni nidhamu. Kumnyima mkate kwa sababu kaanguka ni hasira ya mkubwa. Na hasira hiyo hustawi pale kocha anapochagua timu, kushika pasipoti na kupokea malalamiko, vyote peke yake. Shirikisho la judo lianzie hapo: pasipoti zibaki kwa wachezaji, malalamiko yapokelewe na mtu asiyechagua timu.